Kunyolewa Tumboni mwa Tembo

Kwa karibu maisha yake yote ya kazi, Mzee Polepole hakuwahi kuulizwa na abiria wake wa nyuma kama wamekaribia kufika. Aliendesha gari la maiti. Jina hilo la Polepole alibandikwa na mafundi wa gereji ya kampuni ya mazishi, likamganda hivyo hivyo, hata mkewe akawa analitumia siku akiwa na hasira. Kazini kulikuwa na masharti mawili: usipige honi, na usisimame njiani. La honi halikumsumbua. Hilo la kutosimama ndilo lililomla roho.

Maana gari la maiti halikupita barabara kuu mpya, ambako malori yangelipeperusha kama kopo. Lilipita barabara ya zamani, ile inayojikunja vilimani, yenye lami iliyomegeka pembeni kama mkate ulioachiwa panya. Na watu wa barabara ya zamani, tangu magari yawahame, walikuwa wamebuni kila aina ya kituko ili mtu, japo mmoja, apunguze mwendo. Kulikuwa na birika la bati kubwa kama nyumba, limekalishwa juu ya mafiga ya mawe. Kulikuwa na tembo wa saruji mwenye mlango ubavuni. Kulikuwa na kibao cha rangi nyekundu kilichosema KUKU ANAYETEMBEA KINYUMENYUME, INGIA UONE, na chini yake, kwa herufi ndogo, HATUTANII.

Miaka nenda miaka rudi Polepole alivipita vituko hivyo kwa mwendo wa heshima, uso ameukunja kama kazi inavyotaka, huku jicho la pembeni likijiibia. Siku moja alijisahau kabisa. Mguu ukaenda wenyewe kwenye breki mbele ya birika. Mfiwa aliyekaa kando yake, mwanamume mnene wa tai, akamgeukia.

"Kuna tatizo, dereva?"

"Injini imechemka kidogo, mzee."

Na kwa kuwa aliyasema hayo huku birika limejaa dirisha zima, kicheko kikampanda. Alikibana. Alikibana mpaka mabega yakatikisika na machozi yakamtiririka mashavuni. Yule mfiwa akamtazama kwa muda, kisha akamshika bega.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Wewe una utu."

Alipostaafu, kampuni ikamuuliza achague zawadi ya kuagwa: saa ya ukutani au blanketi. Akaomba gari. Si mojawapo ya yale mapya, la hasha, bali lile kuukuu lililokuwa limetelekezwa nyuma ya stoo, ambalo paka walizalia ndani yake. Wakubwa walitazamana, wakaona hakuna mtu mwenye akili timamu angelitaka, wakampa na ufunguo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, naye pia mstaafu. Alishona mashuka na magauni ya wagonjwa katika hospitali ya mjini, na mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuweza kupishana na mtu mwenye pindo lililofumuka bila kumsimamisha. Mdomo alijaliwa. Aliposikia mngurumo mlangoni alitoka na futi ya kupimia shingoni.

"Hilo nini?"

"Gari."

"Naliona ni gari, sijapofuka. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Tunaenda kutembea."

"Wewe na nani? Mimi hilo gari nitalipanda mara moja tu, baba watoto, na siku hiyo sitaulizwa."

Polepole alimjua mkewe. Hakubishana. Alikaa barazani, akavua viatu, akaanza kumsimulia habari za kuku kana kwamba anajisimulia mwenyewe.

"Kuku hatembei kinyumenyume," Mama Pindo akadakia kutoka ndani.

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi ni waongo."

"Labda."

"Si labda. Ni waongo, na inabidi mtu aende akawaambie."

Asubuhi iliyofuata alikuwa ameshashona mapazia ya manjano ya kuziba vile vioo virefu vya nyuma. Godoro walilitandika pale pale kwenye vile vigurudumu vya chuma vya kuingizia majeneza, kwa hiyo kila gari lilipopanda kilima godoro liliteleza mpaka mlango wa nyuma, na kila liliposhuka likarudi mbele kwa kishindo. Wakapakia jiko, sufuria, dumu la maji na mashuka mawili ya hospitali, meupe pe, wakaondoka.

Mapazia hayakumdanganya mtu. Gari la maiti ni gari la maiti, hata ulivalishe gauni la harusi. Waendesha baiskeli walishuka. Watu wa shambani walisimamisha majembe. Wanaume walivua kofia na kuinamisha vichwa. Mwanzoni Mama Pindo alijikunyata kitini kwa aibu. Kufika katikati ya asubuhi alikuwa ameshateremsha kioo na kuwapungia mkono.

"Acha," Polepole akamnong'oneza. "Utawatisha."

"Wananisalimia, nisiitikie? Nilifunzwa adabu mimi."

Askari wa barabarani akasimama wima na kupiga saluti. "Asante, mwanangu," Mama Pindo akamwambia, na yule kijana akabaki mkono umegandia kwenye kofia.

Kwa kuku walipokelewa na mwenyewe, bwana mmoja wa buti za mpira na fulana iliyotoboka. Kuku alikuwa jike jeusi, akichakurachakura uwanjani peke yake, na akienda mbele kama kuku yeyote. Mama Pindo akakunja mikono kifuani, tayari kushinda kesi.

"Subirini," akasema yule bwana. Akamwendea kuku taratibu. Kuku akainua kichwa, akamkodolea, akaanza kurudi nyuma. Hatua kwa hatua, bila kugeuka, akazunguka uwanja mzima kinyumenyume.

Polepole akapiga makofi kama mtoto. Mama Pindo hakupiga. Alikuwa anaangalia banda.

"Banda hili ni kubwa," akasema. "Wenzake wako wapi?"

Yule bwana akajikuna shingo. "Walikuwepo."

"Mmewala?"

"Mmoja mmoja, mama. Si wote siku moja."

"Basi hatembei kinyumenyume huyo. Anakukimbia, ila hataki kukupa kisogo."

Bwana wa buti akamtazama kuku wake kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Kisha akacheka mpaka akashikilia nguzo ya banda, akaapa kwamba huyo hataliwa kamwe, atakufa kwa uzee. Mama Pindo akarudi garini kidevu juu. Hakuwa amemwumbua mwongo, lakini alikuwa amepata neno la mwisho, na hilo lilimtosha.

Birika walilifikia jua likiwa linapanda. Polepole alizima injini mbele yake na kubaki ameshikilia usukani. Hakuamini kwamba gari limesimama na hakuna mfiwa aliyekohoa kando yake. Kwa karibu lilikuwa kubwa kuliko alivyolikumbuka: bati juu ya bati, kila kiungo kimepigwa ribiti, zile pini za kuungia bati, mdomo umeinuka juu kama wa birika linalojiandaa kummiminia mtu, na moshi mwembamba ukitoka humo, maana kulikuwa na watu wakiishi ndani. Mwanamke wa makamo akatoka na beseni la nguo. Alipoliona gari, beseni likamponyoka. Akarudi ndani mbio.

Sauti ya mzee ikavuma kutoka tumboni mwa birika. "Mwambie sipo!"

"Baba, punguza sauti!"

"Mwambie nimehama! Mwambie sikuacha anwani!"

Polepole akashuka na kofia mkononi, jambo ambalo halikusaidia. Yule mwanamke, binti yake, akatoka tena, safari hii amesimama kizuizi mlangoni.

"Samahani, mzee wangu," akasema. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukipita hapa na gari hilo? Yule anayepunguza mwendo?"

"Ndiye mimi."

"Baba ndiye aliyelitengeneza birika hili. Fundi bati. Kila ulipopita alikuwa akisema, kaja tena kunichungulia kama nimeiva."

Polepole akashikwa na butwaa. Miaka yote ile, yeye akijiibia furaha yake ndogo, kumbe alikuwa anamnyima mtu usingizi. "Mungu wangu," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia birika tu. Nilikuwa nalipenda."

Kisha juu kabisa mfuniko ukainuka kidogo, na chini yake yakatokeza macho mawili na nyusi nyeupe.

"Apa."

"Naapa."

"Na huyo aliyelala humo ndani?"

"Sijalala, nimekaa mbele," Mama Pindo akajibu dirishani. "Na nina kiu. Hapa kwenu mnauza sura ya birika au kuna na chai?"

Hilo ndilo lililomteremsha mzee. Aliwapikia chai kwa mkono wake mwenyewe, akawaonyesha dirisha alilolitoboa kwenye mpini na kitanda alichokipinda kifuate ukuta wa duara. Polepole aligusa kila ribiti. Lakini mzee alikunywa chai yake huku amelielekea gari, na kila kitambo akilitupia jicho. Walipoaga akamvuta Polepole kando.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila nisikilize. Siku nyingine ukipita hapa, pita kwa kasi."

Walimwendea tembo mchana wa jua kali. Aliwekwa nje kidogo ya soko dogo la kando ya barabara, meza chache za mbao na miavuli iliyochanika. Alikuwa tembo kweli, japo shingo ilikuwa ndefu kupita kiasi. Juu ya mlango wa ubavuni paliandikwa KINYOZI. Mama Pindo alikwisha kuchoshwa na joto na chai.

"Nenda ukaangalie mnyama wako," akasema. "Mimi najinyoosha kidogo."

Akapanda nyuma, akafungua mapazia yote apate upepo, na kwa sababu nzi walikuwa wengi akajifunika shuka la hospitali mpaka kidevuni. Gari lilikuwa limeegeshwa mteremkoni. Godoro likateleza polepole mpaka kichwa chake kikafika kwenye kioo cha mlango wa nyuma. Hakujali. Alifumba macho.

Ndani ya tembo kulikuwa na ubaridi mtamu. Mwanga uliingia kwa masikio. Kinyozi, kijana mwembamba mwenye koti jeupe, alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja, na mashine ya kunyolea aliyoiunga kwenye betri ya gari.

"Nani aliyemjenga?" Polepole akauliza, akiwa ameshafungwa shuka shingoni.

"Marehemu mjomba. Alianza akitaka farasi. Saruji ikamzidia."

Polepole akacheka, mashine ikanguruma, nywele zikaanza kudondoka upande wa kushoto. Alikuwa anajiambia kwamba hakuna mahali duniani pa kunyolewa panapokaribia hapa, aliposikia minong'ono nje. Kisha mtu akapenga kamasi. Kisha mwanamke akaanza kulia, kwanza kwa aibu, halafu kwa sauti.

Kinyozi akachungulia mlangoni. Akarudi na uso mwingine kabisa.

"Mzee, nyuma ya gari lako kuna nani?"

"Mke wangu."

Kijana akazima mashine. "Pole sana, mzee wangu."

"Asante, mwanangu," akasema Polepole, aliyedhani anapewa pole ya ndoa. "Tumeshazoea."

Kinyozi akatoka nje na mashine mkononi, kumbe waya umechomoka kwenye betri na unamfuata kama mkia. Polepole akabaki kitini akijitazama kiooni: upande mmoja mstaafu nadhifu, upande mwingine kichaka. Nje sauti nzito ya mwanamume ikaanza kusema, sauti ya mtu anayehudhuria kila mazishi na hajawahi kunyimwa nafasi ya kuzungumza.

"Ndugu zangu, mama huyu wengine wetu tulimfahamu. Mimi binafsi nilisoma naye. Alikuwa mpole. Alikuwa mtu wa maneno machache." Hapo Polepole akaanza kuingiwa na wasiwasi. "Na ukarimu wake, ndugu zangu, ukarimu wake nani asiyeujua? Ukarimu wake..."

Ikaingia sauti nyingine, kavu, ambayo Polepole angeitambua hata chini ya maji.

"Endelea basi, baba. Mbona umesimama ukiwa umefika kwenye ukarimu wangu?"

Soko lilinyamaza ghafla. Halafu kikasikika kishindo kimoja cha miguu, meza ikapinduka, nyanya zikamwagika, mtu akaita mama yake. Kufika Polepole mlangoni, hapakuwa na kiumbe. Kulikuwa na viatu vya mguu mmoja mmoja, kofia moja yenye heshima katikati ya barabara, na mbali kule kilimani, koti jeupe likipanda kwa kasi huku waya ukirukaruka nyuma yake. Mama Pindo alikuwa ameketi nyuma ya kioo, shuka begani, anatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa na redio ya jirani.

Watu wawili watatu wenye ujasiri walikuwa wameanza kuchomoza vichwa nyuma ya miti. Wakamwona Polepole: mzee wa shuka jeupe, nusu kichwa kipara, anatoka tumboni mwa tembo. Wakatimua tena.

Ilichukua muda mrefu na maelezo mengi kuwarudisha. Wa kwanza alikuwa muuza nyanya, kwa ajili ya nyanya zake. Mama Pindo akashuka kumsaidia kuokota, na hapo watu wakaona kwamba maiti haiinami hivyo ikilalamika kiuno. Wa mwisho alikuwa yule msemaji, mwenye kofia, amevimba kwa hasira.

"Mama, umetudhalilisha!"

"Mimi nilikuwa nimelala zangu. Wewe ndiye uliyesema tulisoma pamoja. Darasa gani hilo? Mbona sikukuona?"

Soko likapasuka kwa kicheko. Muuza nyanya alicheka mpaka akaketi chini katikati ya nyanya. Mwenye kofia akatafuta mahali pa kutazama, hakupata, akaishia kucheka na yeye, akakung'uta kofia yake. Kinyozi tu ndiye hakurudi. Waliambiwa ameonekana akipita kwa shangazi yake, kijiji cha pili, na hakusimama.

Basi wakaondoka, kichwa cha Polepole kikiwa hivyo hivyo. Alitazamia mkewe aanze kugomba. Mama Pindo alikuwa anachezea pindo la shuka.

"Nilikuwa macho," akasema ghafla.

"Lini?"

"Muda wote. Tangu yule wa nyanya aliposema uso wangu una utulivu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia uso wangu una utulivu."

"Kwa nini hukuamka?"

"Nilitaka kusikia na mengine." Akageukia dirisha. "Ya uongo yote, najua. Lakini yalikuwa matamu. Wewe umesikiliza hotuba za makaburini maisha yako yote, baba watoto. Yangu ungeisemaje?"

Polepole aliendesha mpaka akapata mahali pana, akasimamisha gari kando ya barabara, akazima injini. Akakohoa kidogo, kama alivyoona wazungumzaji wakifanya.

"Marehemu..."

"Usiniite marehemu."

"Mhusika," akasema Polepole, "alikuwa mbishi. Alibishana na madaktari, alibishana na fundi bomba, na leo hii amebishana na kuku. Maneno machache hakuwahi kuwa nayo." Akafuta usukani kwa kiganja. Alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi nilikuwa narudi nyumbani jioni nguo zinanuka maua ya watu. Kutwa nzima nimekaa na watu wanaonong'ona. Nikifungua mlango, huyu ananifokea: viatu hivyo, mbona umechelewa, chumvi iko wapi niliyokutuma. Hapo ndipo nilipojua nimerudi kwa walio hai. Kila siku. Sikumwambia."

Mama Pindo alikaa kimya, jambo lililomtia mumewe hofu.

"Umesahau mapazia," hatimaye akasema.

"Na alishona mapazia."

"Mazuri."

"Mazuri sana."

"Haya, geuza kichwa. Siwezi kutembea na mtu wa nusu." Akatoa mkasi wa vitambaa mkobani, akampima kwa futi kutoka sikio hadi sikio, akaanza kukata. Alimnyoa kama anavyokata mkono wa gauni, kwa mkato mmoja mrefu usiorudi nyuma. Walipofika mjini, jirani yao alimtazama Polepole, akafungua mdomo, akamtazama Mama Pindo, akaufunga.

Haukupita muda mrefu wakapata habari kutoka kwa dereva aliyefanya kazi na Polepole zamani: kwa tembo sasa magari yanasimama, mengine mpaka mawili kwa pamoja. Kinyozi amerudi, na amechora kibao kipya, BIBI KIZEE ALIFUFUKA HAPA.

Polepole alifurahi kupita kiasi. Mama Pindo aliuliza swali moja tu.

"Ameandika kizee?"

Kesho yake asubuhi wakawa barabarani. Mama Pindo alipanda juu ya ndoo mbele ya kile kibao, miwani puani, brashi mkononi, akalifuta neno KIZEE kwa rangi nyeupe, herufi moja baada ya nyingine, na hakufanya haraka. Polepole alimshikia kopo la rangi. Alipomaliza hilo, akalifikiria lile neno BIBI, akalifuta nalo, akaandika MAMA kwa mwandiko wenye mikia. Muuza nyanya alishangilia. Kinyozi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akikubali kila kitu kwa kichwa. Polepole akamwita aje wasalimiane. Kijana akasema hapana, asante, anaona vizuri tu kutoka hapo alipo.